Viini vingi, mzigo mmoja: uchambuzi wa kisa cha ukokotoaji sambamba mjini Moshi

Ofisi moja ya utafiti wa kilimo mjini Moshi ilikuwa na swali ambalo mkulima yeyote wa Kibosho au Machame angelielewa: je, mvua nyingi katika wiki ambazo tunda changa la kahawa linapanuka huongeza uwezekano wa kihamba, yaani shamba la nyumbani la kahawa na migomba, kushambuliwa na ugonjwa wa chulebuni, na huongeza kwa kiasi gani, ukishazingatia mwinuko wa eneo na aina ya miche iliyopandwa? Chulebuni husababishwa na kimelea cha kuvu kiitwacho Colletotrichum kahawae, kiliripotiwa kwanza nchini Kenya mwaka 1922, na hustawi kwenye ubaridi na unyevu wa maeneo ya juu. Swali lilikuwa na msingi wake, na takwimu za kulijibu zilikuwepo. Kilichokwamisha kazi ni kompyuta, au tuseme namna kazi ilivyogawiwa ndani ya kompyuta, na hicho ndicho kinachochambuliwa hapa.

Kaya za vijiji 60 vya mteremko wa kusini wa Kilimanjaro zilikuwa zimetembelewa msimu baada ya msimu, na kila mara mkaguzi aliandika kama amekuta dalili za ugonjwa kwenye mibuni au hakukuta. Mvua ilichukuliwa kutoka CHIRPS, hifadhidata inayounganisha picha za setilaiti na vipimo vya vituo vya ardhini, inayoanza mwaka 1981 na kuigawa nchi katika vyumba vya digrii 0.05, yaani takriban kilomita 5.5 kila upande. Kwa nchi tambarare chumba cha ukubwa huo kinatosha. Kwa mteremko wa mlima, ambako kilomita 5 zinaweza kukutoa kwenye migomba na kukufikisha karibu na msitu, ni chumba kikubwa, na ndiyo sababu mwinuko wa kila kihamba uliingizwa kwenye modeli peke yake.

Modeli yenyewe ilikuwa modeli mchanganyiko ya jibu la ndiyo au hapana, yenye athari za nasibu za kijiji na za kaya, yaani tofauti za kila kijiji na kila kaya zisizoelezwa na vipimo vingine, iliyoandikwa katika R, lugha ya programu ya takwimu, kwa kutumia funksheni ya glmer ya kifurushi (nyongeza ya R) cha lme4. Mtakwimu wa ofisi, dada mmoja aliyekuwa peke yake katika kitengo chake, hakuridhika na mipaka ya uhakika, yaani kiwango cha chini na cha juu ambamo jibu halisi linakadiriwa kuwamo, ambayo modeli hutoa kwa njia ya mkato. Majirani huambukizana, hununua miche mahali pamoja na hupulizia dawa kwa ushauri wa bwana shamba mmoja, kwa hiyo aliona kwamba kipande halisi cha taarifa ni kijiji na si kaya. Akaamua kutumia njia ya kuchota upya sampuli, ile ambayo Bradley Efron aliieleza mwaka 1979: unachota vijiji 60 kutoka katika vijiji vyako 60 huku ukiruhusu kijiji kimoja kuchotwa zaidi ya mara moja, unakokotoa modeli, unahifadhi jibu, kisha unarudia mara nyingi na kusoma mipaka kutoka katika majibu uliyoyakusanya.

Uamuzi huo ulikuwa sahihi kitakwimu, na ulikuwa na gharama. Kila rudio lilichukua sekunde 6. Marudio 2,000 ni sekunde 12,000, yaani saa 3 na dakika 20, na modeli za aina hiyo zilikuwa 6, hivyo marudio pekee yalihitaji saa 20. Kompyuta mpakato ya ofisi ilikuwa ya Windows, yenye kichakataji cha viini 4, yaani sehemu 4 zinazoweza kukokotoa kwa wakati mmoja, na RAM (kumbukumbu ya kazi) ya gigabaiti 8. Kwa mji ambao umeme unaweza kukatika mchana wowote, saa 20 za mfululizo si jambo la kupangia ratiba.

RAM iliyojaa

R ilianzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, na toleo lake la 1.0.0 lilitoka tarehe 29 Februari 2000, wakati ambapo kompyuta ya kawaida ya mezani ilikuwa na kiini kimoja. Hadi leo msimbo wa R usioelekezwa vinginevyo hutekelezwa na kiini kimoja tu, na vingine hukaa vikisubiri. Njia ya kuvitumia imo ndani ya R yenyewe tangu toleo la 2.14.0 la mwaka 2011, katika kifurushi kiitwacho parallel, kilichorithi kazi ya vifurushi viwili vya awali, multicore na snow. Kwenye Windows njia inayopatikana ni ile ya snow: R hufungua nakala nyingine za R kama michakato saidizi inayojitegemea, kila mmoja na kumbukumbu yake, na mchakato mkuu huzungumza nayo kwa kuipelekea vitu na kupokea majibu.

Neno la kushikilia hapo ni kuipelekea. Mchakato saidizi huanza ukiwa mtupu. Haujui takwimu zako, haujui vifurushi ulivyofungua, haujui funksheni uliyoiandika dakika moja iliyopita. Kila unachokihitaji lazima kibebwe mpaka kwake, na kila kilichobebwa huchukua nafasi mara nyingi sawasawa na idadi ya michakato.

Mtakwimu wetu aliandika kile ambacho watu wengi huandika mara ya kwanza. Aliuliza detectCores(), akapata 8, akafungua michakato 8 kwa makeCluster, kisha akatumia clusterExport pamoja na ls() ili apeleke kila kilichokuwa kwenye kikao chake bila kusahau kitu. Namba 8 ilikuwa ya kweli kwa namna yake, lakini si ya viini: kila kiini kati ya vile 4 kinaweza kupokea mikondo miwili ya kazi, na mfumo endeshi huhesabu mikondo. Kwa ukokotoaji mzito wa modeli, mikondo miwili hugombea vifaa vilevile vya kukokotolea, na faida ya kutoka 4 kwenda 8 huwa ndogo sana.

Baada ya saa nzima hakuna kilichorudi. Kipanya kilisogea kwa kuchelewa, taa ya diski haikuzimika. Fundi wa kompyuta wa ofisi alipoitwa, aliangalia dirisha la Windows linaloonyesha matumizi ya kumbukumbu na akasema, "Dada, haijaganda, imejaa."

Kilichoijaza kilipatikana kwa hesabu ya karatasi. Kikaoni mlikuwa na matriki ya mvua ya kila siku kwa kanda nzima ya kaskazini, eneo la digrii 5 kwa 5. Hiyo ni vyumba 100 kwa 100, yaani 10,000, kwa siku 14,610 za miaka 40 kuanzia 1981 hadi 2020. Namba moja ya desimali katika R huchukua baiti 8. Zidisha, utapata baiti bilioni 1.17. Kwa michakato 8 ni gigabaiti 9.4, na mchakato mkuu nao una nakala yake, ndani ya kompyuta yenye RAM ya gigabaiti 8 ambayo Windows yenyewe hula sehemu. Mfumo ulikuwa unahamishia kumbukumbu kwenye diski na kuirudisha, na viini vyote vilikuwa vinasubiri diski. Jambo la kusikitisha ni kwamba hakuna rudio hata moja lililoihitaji matriki ile yote. Lilihitaji safu moja ya mvua ya wiki chache kwa kila kaya na msimu.

Aliifuta clusterExport ya jumla na kutaja kwa majina vitu vitatu tu. Kumbukumbu ikajaa tena.

Sehemu hii inastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu ndipo watu wengi hukata tamaa na kurudi kwenye kiini kimoja. Funksheni iliyotumwa, aliyoiita rudia, ilikuwa imeandikwa ndani ya funksheni nyingine, andaa_modeli, ambayo kazi yake ya kwanza ilikuwa kusoma matriki ya mvua. Katika R, funksheni iliyozaliwa ndani ya nyingine huendelea kuambatana na mazingira ilimozaliwa. Ikitumwa kwa mchakato mwingine, mazingira hayo husafiri nayo pamoja na kila kilichomo, hata kama msimbo wake haukitaji. Kinachofanya hili lifichike ni kwamba object.size() ya funksheni hiyo ilionyesha kilobaiti chache, kwa kuwa kipimo hicho hakihesabu mazingira. Kipimo kinachosema ukweli ni length(serialize(rudia, NULL)), kinachoifungasha funksheni kama itakavyofungashwa kwa safari na kuhesabu baiti. Jibu lilizidi bilioni. Rudia ikahamishiwa nje, ikaandikwa kwenye mazingira ya jumla ya kikao, ambayo R haiyafungashi, na kipimo kilekile kikashuka hadi baiti za maelfu.

Ningependa kila anayefundisha R katika vyuo vyetu aonyeshe mstari huo mmoja wa serialize kabla ya kuonyesha makeCluster. Wanafunzi hufundishwa kuhesabu viini na hawafundishwi kuhesabu mizigo.

Majibu yaliyokuja manne manne

Kwa michakato 4 na mizigo midogo, kazi ya modeli ya kwanza ilikamilika kwa muda wa karibu saa moja. Majibu 2,000 yalikuwepo, mipaka ya asilimia 95 ya mgawo wa mvua, yaani namba ya modeli inayoonyesha athari ya mvua, ilisomwa, na mpaka wa chini ulikuwa juu kidogo ya sifuri. Kwa lugha ya ripoti, hiyo ingemaanisha kwamba mvua ya wiki zile inaongeza ugonjwa, na rasimu ya sentensi hiyo ilikuwa imekwisha andikwa.

Mtakwimu alifanya jambo dogo ambalo nalistahi sana: aliyapanga majibu kwa ukubwa na kuyasoma kwa macho yake. Kila thamani ilijitokeza mara 4, hadi desimali ya mwisho. Amri ya length(unique()), inayohesabu majibu yaliyo tofauti, ilirudisha 500.

Chanzo kilikuwa nia njema. Ili kazi iweze kurudiwa na kutoa jibu lilelile, alikuwa ameweka set.seed(), amri ya mbegu inayoamua namba za nasibu zianzie wapi, yenye namba ileile katika kila mchakato. R hutumia kwa kawaida kizalishaji cha namba za nasibu cha Mersenne Twister, ambacho mzunguko wake ni mrefu kupita mahitaji ya mtu yeyote, 2 kwa kipeo cha 19937 kasoro 1. Urefu huo hausaidii chochote ikiwa michakato yote minne inaanzia mahali pamoja. Kila mmoja ulichota vijiji vilevile kwa mpangilio uleule mara 500, na mchakato mkuu ukazikusanya nakala nne na kuziita 2,000.

Je, mipaka iliyopatikana ilikuwa ya uongo? Haikuwa ya uongo. Ilikuwa hafifu kuliko ilivyodai. Asilimia 2.5 ya majibu 2,000 ni majibu 50, na mpaka wa chini unaoegemea majibu 50 ya mwisho una utulivu fulani. Asilimia 2.5 ya majibu 500 ni majibu 12 au 13. Mpaka unaoegemea majibu machache hivyo hutikisika, na pale ambapo sifuri iko jirani kabisa na mpaka, mtikisiko huo unaweza kuamua ripoti itasema nini kwa wakulima na kwa maofisa ugani wa wilaya. Yeyote ambaye angejaribu kukadiria kosa la nasibu la ukokotoaji kwa kudhani ana marudio 2,000 angepata nusu ya kosa halisi, kwa kuwa kosa hilo hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi: mara 4 ya marudio hupunguza kosa kwa mara 2 tu.

Kuondoa set.seed() kabisa kusingekuwa tiba. Michakato ingeanza mahali tofauti, na majibu yangekuwa 2,000 kweli, lakini hakuna ambaye angeweza kuyapata tena, na mhakiki wa makala ana haki ya kuyaomba. Kifurushi cha parallel kina tiba yake rasmi: kizalishaji cha Pierre L'Ecuyer, chenye mzunguko wa takriban 2 kwa kipeo cha 191, ambao unaweza kugawanywa katika vijito vilivyotenganishwa kwa hatua 2 kwa kipeo cha 127, hivyo kila mchakato hupewa kijito chake na hakuna vijito viwili vinavyokutana kwa vitendo. Amri ni moja, clusterSetRNGStream.

Hata hivyo, kwa kazi hii tiba hiyo ilikuwa na tundu. Marudio hayakuwa na urefu sawa. Sampuli iliyochota vijiji vyenye vihamba vichache vilivyougua iliihangaisha glmer, na rudio moja liliweza kuchukua mara tatu ya muda wa mwenzake. Ukigawa kazi mafungu manne sawa tangu mwanzo, mchakato uliopata bahati mbaya humaliza peke yake huku mitatu ikikaa bure. Ukitumia parLapplyLB, inayompa kazi mpya yeyote aliyemaliza, muda unatumika vizuri, lakini sasa ni mwendo wa kompyuta siku hiyo unaoamua rudio lipi litafanywa na mchakato upi, na kwa hiyo litatumia kijito kipi. Jibu halirudiwi tena. Maelezo rasmi ya kifurushi yanasema hivyo waziwazi, ila wengi hawafiki kwenye aya hiyo.

Suluhisho lililochukuliwa ni lile ambalo, kwa maoni yangu, lingefaa kufikiriwa kwanza kila mara kinachochotwa kwa nasibu ni kidogo: bahati nasibu yote ichezwe mapema, katika mchakato mkuu, mara moja. Aliweka mbegu, akachota orodha ya vijiji 60 kwa kila rudio kati ya 2,000, na akaihifadhi kwenye faili. Namba nzima huchukua baiti 4, kwa hiyo orodha yote ni baiti 480,000, chini ya nusu megabaiti. Michakato ilipokea namba ya rudio na orodha yake ya vijiji, ikakokotoa, ikarudisha jibu, na haikuhitaji nasibu yoyote. Nani amefanya rudio lipi, kwa mpangilio upi, na kwa michakato mingapi, havikuwa na athari tena. Pale ambapo uchotaji wenyewe ni mkubwa au unatokea katikati ya ukokotoaji, njia hii haitoshi, na hapo afadhali kila rudio lipewe kijito chake, kama kifurushi cha future cha Henrik Bengtsson na jamaa zake wanavyofanya ukiwaagiza.

Toleo la R liliandikwa kando ya mbegu. Funksheni ya sample, inayofanya uchotaji, ilibadilishwa ndani ya toleo la 3.6.0 la mwaka 2019, na mbegu ileile katika toleo la zamani hutoa vijiji vingine.

Jambo moja la uchotaji wenyewe lisipitwe. Kijiji kilichochotwa mara mbili lazima kipewe jina jipya kwa nakala yake ya pili, na kaya zake vivyo hivyo. Vinginevyo modeli huziunganisha nakala hizo kuwa kijiji kimoja kikubwa na athari ya nasibu ya kijiji hukadiriwa vibaya. Msimbo ulikuwa umelizingatia hilo tangu mwanzo.

Sekunde 6 zilitumika wapi

Ni baada ya haya ndipo swali lililopaswa kuja kwanza lilipoulizwa: rudio moja, kwenye kiini kimoja, linatumia sekunde zake 6 kufanya nini? Kipimo cha Rprof kilionyesha kwamba sekunde 2 zilitumika kuunganisha jedwali la kaya na jedwali la mvua, upya, kila rudio, ingawa mvua ya kihamba haibadiliki kwa sababu kijiji kimechotwa mara mbili. Muunganisho ukafanywa mara moja kabla ya kuanza. Sekunde nyingine zilitokana na glmer kuanza kutafuta jibu kutoka mbali. Ilipopewa makadirio ya modeli ya takwimu kamili kama mahali pa kuanzia, rudio likashuka hadi sekunde 3. Kuna njia ya mkato zaidi, kuweka nAGQ kuwa 0, ambayo huharakisha sana kwa kukubali makadirio yasiyo sahihi kiasi. Mtakwimu aliikataa, na nadhani alikuwa na haki, kwa kuwa kilichokuwa kinatafutwa ni mpaka uliokaa jirani na sifuri.

Marudio 2,000 ya sekunde 3 ni dakika 100 kwa kiini kimoja. Kazi ilikuwa imekwisha pungua nusu kabla ya kiini cha pili kuguswa. Kwa viini 4 hesabu safi ni dakika 25. Kompyuta ilitoa takriban 30, kwa sababu kichakataji hupunguza kasi yake viini vyote vinapopata joto kwa pamoja, na kwa sababu Windows nayo ina shughuli zake.

Kilibaki kipande kisichogawika. Kusoma matriki ya mvua na kuiandaa kulichukua dakika 10, na kila skripti kati ya zile 6 ilikuwa inalifanya upya. Mwaka 1967 Gene Amdahl alieleza mpaka wa jambo hili: sehemu ya kazi isiyogawika ndiyo inayoweka dari ya kasi, hata ukiongeza vichakataji bila kikomo. Ukiwa na dakika 100 zinazogawika na 10 zisizogawika, hata viini elfu moja havitakufikisha kwenye mara 11. Ni sawa na kuongeza wachumaji wa kahawa kwenye kihamba huku chama cha msingi kikiwa na mizani moja: foleni inahamia kwenye mizani. Hapa mizani ilikuwa maandalizi ya mvua, na iliondolewa kwenye foleni kwa kuyafanya mara moja na kuhifadhi matokeo kwa saveRDS ili skripti zote 6 ziyasome kwa sekunde chache.

Umeme nao uliingizwa kwenye mpango. Kompyuta mpakato inayotumia viini vyote humaliza betri upesi, kwa hiyo marudio yaligawanywa mafungu 10 ya 200, kila fungu likihifadhiwa kwenye faili lake mara linapokamilika, na skripti ikianza huangalia mafungu yapi yapo na kuendelea na yaliyobaki. Umeme ukikatika, kinachopotea ni dakika 3. Ndani ya kila rudio kuliwekwa tryCatch, amri inayonasa kosa bila kusimamisha kazi, maana kosa la rudio moja katika parLapply huangusha kazi nzima na kupoteza majibu mazuri ya wengine. Marudio yaliyoshindwa hayakutupwa kimyakimya. Yalihesabiwa na idadi yake kuandikwa. Sampuli zinazoishinda modeli si za nasibu, huwa ni zile zenye vihamba vichache sana vilivyougua, na kuziacha bila kusema kunaweza kuusogeza mpaka ambao kazi yote ilifanywa kwa ajili yake.

Modeli zote 6 zilikamilika kwa saa 3 hivi, mchana mmoja.

Seva ya Arusha

Msimu uliofuata ulileta takwimu zaidi, na mradi ukapata ruhusa ya kutumia seva ya taasisi moja jijini Arusha, ya Linux, yenye viini vingi na watumiaji wengi. Huko mambo mawili hubadilika. La kwanza, Linux inaruhusu mclapply, ambamo mchakato saidizi hauanzi mtupu: ni nakala ya mchakato mkuu inayotumia kumbukumbu ileile mpaka pale mmoja atakapoiandika upya, na matriki ya kusomwa tu haizidishwi. Skripti iliyoandikwa hivyo haitafanya kazi kwenye Windows kwa zaidi ya kiini kimoja, na haishauriwi kuiendesha ndani ya dirisha la RStudio. Iliendeshwa kwa Rscript kutoka kwenye mstari wa amri.

La pili, detectCores() kwenye seva ya pamoja huhesabu viini vya mashine nzima, vya kwako na vya jirani. Ilitumika availableCores() ya kifurushi cha parallelly, inayoheshimu mgawo wa mtumiaji pale ulipowekwa. Na kwa kuwa R ya seva ilikuwa imeunganishwa na OpenBLAS, maktaba ya hesabu za matriki ambayo yenyewe hujigawa kwenye viini vyote inavyoviona, mtakwimu aliweka OPENBLAS_NUM_THREADS kuwa 1 kabla ya kufungua R. Bila hatua hiyo, michakato 16 juu ya viini 32 inaweza kufungua mikondo 512 inayosukumana, na watumiaji wengine wa seva ndio huwa wa kwanza kulalamika.

Kabla ya kuiamini seva, faili la orodha za vijiji lilelile la Moshi lilipelekwa huko na marudio ya modeli ya kwanza yakafanywa upya. Usawa wa kila desimali haukutarajiwa, kwa kuwa maktaba za hesabu ni tofauti na kanuni ya utafutaji inaweza kusimama hatua moja mapema au baadaye; ulinganisho ulifanywa kwa all.equal iliyopewa ulegevu wa 0.0001 badala ya ule mkali wa kawaida. Majibu yalipita, na mipaka ililingana kwa desimali zote 3 zilizochapishwa kwenye ripoti.

Ama ile mipaka yenyewe, kwa marudio 2,000 ya kweli, mpaka wa chini wa mgawo wa mvua ulishuka chini kidogo ya sifuri. Sentensi ya rasimu ilifutwa. Iliyochukua nafasi yake inasema kwamba takwimu zinaonyesha dalili ya uhusiano kati ya mvua ya wiki za upanukaji wa tunda na chulebuni, kwamba dalili hiyo haitoshi kubadilisha kalenda ya upuliziaji, na kwamba athari ya aina ya miche, ambayo mipaka yake ilikuwa mbali na sifuri katika modeli zote 6, ndiyo inayopaswa kufikishwa kwa wakulima msimu huu.